Vinyota Viwili Vyekundu

Kwenye fomu za kompyuta huwa kuna kinyota chekundu kando ya kisanduku, kumwambia anayejaza kwamba hapa asipoandika kitu hatoki. Fomu niliyoitengeneza ya kuandikisha watoto wachanga, katika ofisi moja ya eta-sivili hapa Goma, ilikuwa na vinyota viwili ambavyo sheria haikuviagiza. Kimoja kilikaa kwenye namba ya simu ya mzazi, kingine kwenye namba ya kadi yake ya mpiga kura. Hakuna aliyenituma kuviweka. Mkuu wa ofisi hakujua hata kama vipo. Niliviweka mwenyewe, usiku, nyumbani, kwa kuwa jedwali lenye nafasi tupu lilikuwa likinikera.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Waliofanya kazi pale wana watoto wa kulisha, na isitoshe, kosa ninaloliandika hapa si lao. Muda mrefu nimelisimulia kosa hili kama "changamoto za mwanzo", maneno ambayo sisi watu wa miradi huyatumia tukitaka kufunika jambo. Leo nalisema lilivyo: nilifukuza akina mama wenye haki yao, nikaja kujua nimewafukuza, nikanyamaza.

Kanuni ya Familia ya Kongo, ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inampa mzazi siku 90 tangu mtoto azaliwe kwenda kumwandikisha. Ndani ya siku hizo halipi kitu. Zikipita, ofisi haina ruhusa tena ya kuandika. Lazima kwanza mahakama ya watoto itoe hukumu, ile ambayo kila mtu hapa anaiita supletifu. Supletifu ina gharama zake, ina njoo-kesho zake, ina mtu wa kukuandikia barua na mtu wa kuisukuma barua hiyo kutoka meza hadi meza. Siku ya 90 akte ya kuzaliwa ni haki. Siku ya 91 ni kesi. Sheria hiyo inamruhusu baba, mama, jamaa wa karibu, hata mtu aliyekuwapo wakati wa kujifungua, kwenda kutoa habari. Simu haitajwi popote. Ilipoandikwa, ingetajwaje? Mwaka 1987 nani Goma alikuwa na simu mfukoni?

Wala watu hawafuriki katika ofisi hizo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta watoto 25 tu kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa nchini. Ule wa MICS wa 2017-2018 ukakuta 40. Kwa hiyo mama anayefika mbele ya karani na mtoto mgongoni amekwisha kushinda mengi: umbali, biashara aliyoiacha bila mtu, mume anayesema tutaenda wiki kesho, na majirani waliokulia bila karatasi yoyote na hawakufa. Mama huyo ndiye fomu yangu ilimwambia arudi nyumbani.

Nimelelewa na mwalimu, na imani yangu kwa mashine inatoka huko. Nilipokuwa mdogo mshahara wa mama ulikuja kwa bahasha, na kila mkono uliopitiwa na bahasha ile ulijichotea chake. Mwaka 2011 serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kwa njia ya benki, wakati Matata Ponyo akiwa waziri wa fedha, mama alisimama kwenye foleni jua lote, akatoka na hesabu kamili. Alizihesabu pesa mara mbili mezani, tukimtazama. Hakuna aliyezigusa kabla yake. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kompyuta inamsaidia nini mwananchi, nilimtolea mfano wa meza ile.

Lakini katika nyumba hiyohiyo alikuwa akilala shangazi yangu kila mwisho wa mwezi. Yeye alifundisha Masisi, mbali na barabara. Kuja Goma kuchukua mshahara uleule wa benki alipanda pikipiki, akalipa vizuizi, akalala kwetu siku kadhaa akingojea mtandao wa benki urudi, kisha akarudi na kilichobaki. Wanafunzi wake walikaa bila mwalimu muda huo wote. Pesa alizokuwa akikatwa na wakubwa sasa alizikatwa na barabara. Hadithi zote mbili nilizisikia kwenye sebule moja. Nikachukua ya mama, ya shangazi nikaiacha.

Halafu kuna jirani. Anayeishi Goma haishi bila kutazama Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka. Pale mpakani, Petite Barrière, watu wanavuka tangu asubuhi na nyanya, na samaki, na wakirudi wanarudi na habari za ng'ambo. Rwanda ilianzisha Irembo, huduma ya kuomba hati za serikali mtandaoni, mwaka 2015, na rafiki yangu mmoja wa kule alinionyesha jinsi anavyoomba hati kwa simu akiwa kwenye kiti cha kinyozi. Niliona wivu. Sioni aibu kuusema huo wivu; waliousikia hapa mjini ni wengi. Aibu yangu ni kwamba nilirudi nyumbani nikainakili ile fomu, kisanduku kwa kisanduku, bila kujiuliza imesimama juu ya nini.

Imesimama juu ya kitambulisho. Rwanda ilianza kutoa kitambulisho kipya cha taifa mwaka 2008, na mtu mzima asiye nacho kule ni wa kutafutwa. Ukimwomba Mnyarwanda namba ya kitambulisho, unamwomba kitu ambacho serikali yake ilikwisha kumpa. Sisi je? Hesabu ya watu ya mwisho Kongo ilifanywa 1984. Kitambulisho cha taifa karibu hakuna aliye nacho, kwa hiyo kadi ya mpiga kura ndiyo inayofanya kazi zote: benki, SIM, barabarani kwa askari, kila mahali. Na kadi hiyo inatolewa na tume ya uchaguzi, CENI, uchaguzi unapokaribia. Ukiwa hujafikia umri wakati wa uandikishaji, utasubiri mpaka wapigakura waandikishwe tena. Ukiipoteza, Mungu akusaidie.

Mwaka 2023, mwaka ambao mashine zangu zilifungwa ofisini, hali ilikuwa mbaya zaidi. CENI ilianza kuandikisha Kivu ya Kaskazini mwezi wa Februari, lakini waasi wa M23 walikuwa wamekwisha kushika maeneo mengi. Masisi na Rutshuru, kwa sehemu kubwa, hakuna aliyeandikishwa, na Desemba 20 wananchi wa wilaya hizo mbili hawakupiga kura. Maelfu kwa maelfu yao walikuwa wamekimbilia hapa, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, chini ya mahema meupe juu ya mawe ya volkano. Walikuwa wanazaa humo. Kuna waliokimbia na kadi za 2017, kuna waliokimbia na mtoto na sufuria tu. Na hata kadi mpya za waliobahatika zilikuwa zikifutika maandishi baada ya muda mfupi, mpaka mtu anakupa kipande cheupe cha plastiki na kukuapia kwamba jina lake lilikuwa hapo.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nilipita kando ya mahema hayo nikienda kazini. Nikaketi, nikaandika: namba ya kadi, kinyota.

Kuhusu simu nilikuwa na hoja, na hoja yenyewe haikuwa mbaya. Nilitaka mzazi atumiwe ujumbe akte ikiwa tayari, asije akaenda mara tatu kuambiwa mkubwa wa kutia saini hayupo. Anayezijua ofisi zetu anajua kwamba kila safari ya bure ni mlango wa matabishi: ukichoka kurudi, unatoa kitu. Nilitaka kuufunga mlango huo. Nia njema, basi. Ila nilifanya zaidi. Namba ya simu niliifanya kuwa ndiyo ufunguo wa faili: familia moja, namba moja, isiyojirudia. Kwa kompyuta ni rahisi, ndiyo maana niliipenda. Kumtafuta mtu kwa jina ni shida, tuna akina Kahindo na akina Bahati wangapi? Namba haina mwenzake.

Lakini katika mji huu, namba ya simu haikai kwa mtu. Kuna mama anayetumia simu ya dada yake. Kuna mume mwenye laini tatu, Airtel, Vodacom na Orange, na anayebadilisha kulingana na bando lipi limeshuka bei. Laini isiyotumika kwa muda inarudishwa sokoni na kuuzwa kwa mwingine. Na Birere, karibu na mpaka, watu wengi wanatumia laini za Rwanda. Mimi nilikuwa nimeiambia fomu ikubali namba zinazoanza na 08 na 09 tu, za kwetu. Za Rwanda zinaanza na 07. Mkongomani wa Birere mwenye laini ya Gisenyi alikuwa, machoni pa fomu yangu, mwongo.

Kuna jingine nililolisahau, na hili lilipaswa kunijia kwanza. Watu walikuwa wametoka kuumwa. Septemba 2020 serikali ilianzisha RAM, ile kodi ya kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa za 3G na 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye salio. Unaweka unite za kumpigia mgonjwa hospitalini, unakuta zimeliwa. Ilipigiwa kelele nchi nzima, bungeni na barabarani, hadi ikaondolewa mwanzoni mwa 2022. Mwaka mmoja baadaye, kijana wa mashine anakaa ofisini mwa serikali na kuuliza, "Mama, namba yako ya simu?" Niliona macho yakikwepa. Nilidhani ni ushamba.

Mtu mmoja alinionya. Ni karani mzee wa ofisi ile, ambaye mimi na wote pale tulimwita Papa Karani. Rejista alizoandika zilikuwa vitabu vikubwa vyenye kurasa zilizopigwa namba na kutiwa saini na mahakama, ili ukurasa usichanwe kwa siri. Mwandiko wake wa kalamu ya bluu ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi. Karatasi ya hospitali ikikosekana hakumfukuza mama. Alichukua daftari lake la shule la pembeni, akaandika kwa penseli jina la mtoto, siku ya kuzaliwa, na alama ya kumkumbusha kwamba mama huyu anakaa karibu na kanisa fulani, au ni jamaa wa mchungaji fulani. Siku ya 90 ikikaribia alimtuma mtu. Si kwamba alikuwa malaika. Alipokea vyake, nilimwona. Lakini daftari lile lilikuwepo.

Nilipomwonyesha fomu kwa mara ya kwanza aliisoma polepole, miwani puani, kisha akauliza, "Mudogo, na yule hana telefone, tutamuandika wapi?"

Nikamjibu, "Papa, siku hizi nani hana telefone?"

Hakubishana. Kwa mtu wa umri wake kubishana na kijana aliyeletwa na shirika lenye magari ni kujitafutia balaa. Alirudisha miwani mfukoni. Daftari la shule niliomba lifungwe, kwa sababu, nilieleza mbele ya wote, kumbukumbu mbili zinaleta mkanganyiko. Nilitumia hata neno la kitaalamu.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia, maana maungamo yanaweza kunoga hadi yakawa uongo. Mashine ilifanya kazi nzuri. Mtu aliyehitaji nakala ya akte iliyoandikwa miezi sita nyuma aliipata wakati uleule, badala ya karani kufungua vitabu vitano. Majina yaliacha kubadilika herufi kati ya rejista na nakala, jambo linalotesa watu hapa mpaka wanapoomba pasipoti. Bei ilionekana kwenye kioo: sifuri, na matabishi ya wazi yalipungua. Umeme ukikatika tulikuwa na betri. Kama nisingeviweka vile vinyota viwili ningekuwa leo naandika makala ya kujisifu, na ingekuwa haki yangu.

Papa Karani alitafuta njia, kama Mkongomani yeyote. Artikle 15, ile ya kila mtu kujitafutia njia, tumeinyonya na maziwa. Aliyekuja bila simu alimwandikia namba ya simu yake mwenyewe. Mara ya kwanza fomu ikakubali. Ya pili ikakataa: namba hii ina faili tayari. Basi akaanza kubuni. Aliandika 099 na tarakimu zilizomjia, fomu ikafurahi. Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba ule ujumbe wangu wa pongezi, "Akte ya mtoto wako iko tayari, karibu," ulikuwa ukitoka kila Ijumaa kwa mamia ya watu. Siku moja alifika ofisini mwanamke wa mtaa wa Himbi, amevaa vizuri, ameshika simu ya mumewe kwa vidole viwili. Alitaka kuonyeshwa mtoto. Tulimweleza kwamba ni hitilafu. Mume naye alikuja baadaye peke yake kuomba karatasi yenye muhuri ya kuthibitisha kwamba ni hitilafu. Tulicheka wiki nzima, na mimi nilicheka kuliko wote, wala sikujiuliza namba ya mtu wa Himbi iliingiaje kwenye faili la mama wa Kanyaruchinya.

Hao ni walioandikwa kwa hila. Papa Karani alipokuwa zamu ya pili, au anaumwa mgongo, alikaa pale kijana niliyemfundisha mwenyewe, mtiifu wa mashine, ambaye aliwarudisha watu kwa adabu kabisa. "Mama, urudi na namba."

Jinsi nilivyojua ni hivi. Mwaka 2024, baada ya vita kufika Sake na wakimbizi kuongezeka tena, nilitumwa mahakamani kwa shughuli ya printa, kitu kisichohusiana. Kwenye benchi la nje walikuwa wameketi akina mama na watoto, wengine watoto wa kutambaa tayari, wanangoja supletifu. Nikangoja nao, kwa kuwa aliyekuwa na ufunguo wa chumba alikuwa hajafika. Aliyekaa karibu nami alikuwa wa Rutshuru, binti mdogo. Nilimwuliza kwa nini alichelewa, kwa sauti ile ya mtu wa mradi anayetaka kuelimisha jamii.

"Sikuchelewa," alisema. "Nilienda mapema, mutoto hakuwa hata na mwezi. Balinirudisha juu ya telefone. Telefone iko na bwana, na bwana iko Walikale." Akaniambia alirudi na namba ya jirani, ikasemekana ina mtu. Akarudi tena na laini ya kuazima, ikaombwa kadi ya kura. Kisha akaugua. Kisha siku zikapita. Akataja ofisi. Akasema wote pale ni wema, ila kuna kijana mmoja alileta mashini, na tangu alete mashini mambo yamekuwa magumu. Mtoto alikuwa amelala kwenye paja lake na mkono mmoja umeangukia kwenye goti langu.

Nilimwambia pole. Sikumwambia ni mimi. Nilipoitwa kwenye printa nilisimama haraka mno, na nilipotoka nilipitia mlango wa nyuma.

Usiku huo niliviondoa vinyota vyote viwili. Kazi yenyewe ilichukua muda wa chai kupoa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba haikuhitaji bajeti, wala mkutano, wala ruhusa ya Kinshasa. Ningeweza kufanya hivyo siku ile Papa Karani aliponiuliza. Katika maelezo ya toleo jipya niliandika "maboresho madogo ya fomu". Mkuu wa ofisi hakuuliza. Shirika halikuuliza. Papa Karani alitazama kioo, akaona nafasi ya simu inakubali kuachwa wazi, akanitazama, akaendelea kuandika.

Nilitaka kujua ni wangapi. Hapo ndipo nilipoona nilichokijenga. Mfumo haukuwa na mahali popote panapohifadhi aliyekataliwa. Fomu isiyokamilika ilifutika dirisha likifungwa. Daftari la penseli, ambalo lingeniambia, nililifunga mwenyewe. Ripoti yangu ya mwaka, ile niliyoisoma mbele ya wageni katika hoteli ya kando ya ziwa, ilikuwa na mchoro wa kuvutia: mafaili yenye namba ya simu, 100 kwa 100, mafaili yenye namba ya kadi, 100 kwa 100. Wageni walipiga makofi. Mchoro ule usingeweza kusema kitu kingine, hata kama nusu ya komini ya Karisimbi ingerudishwa nyumbani.

Baadaye nilisoma ripoti ya mwaka 2021 juu ya Ndaga Muntu, kitambulisho cha Uganda, iliyoandikwa na mashirika ya kule pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York: wazee waliokosa SAGE, posho yao ya serikali, na wanawake waliokwama hospitalini, kwa sababu kadi hawana au mashine haiwatambui. Ilikuwa imetoka kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza. Sikuitafuta kwa kuwa nilikuwa natafuta mifano ya kufaulu.

Ningeweza kumalizia hapa, na mwaka jana nilikuwa nimeandika mpaka hapa. Lakini lipo la pili, na limetokana na lile la kwanza.

Mtu aliyezoea kulazimisha majibu haishii kwenye simu. Fomu yangu ilikusanya pia wilaya ya asili ya baba na ya mama, kundi la kijiji, makazi ya sasa mpaka avenyu. Baadhi yake eta-sivili inahitaji. Kwa nyingine nilifikiri tu kwamba siku moja zitafaa. Machi 13, 2023 Kongo ilitia saini Kodi ya Numeriki, yaani sheria ya mambo ya kidijitali, yenye sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Siku hizo nilikuwa nafunga nyaya ofisini. Sikuifungua. Nilijua pia kwamba Kenya, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilizikataa kadi za Huduma Namba kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari kwa siri za wananchi. Niliona ni mambo ya mawakili wa Nairobi.

M23 walipoingia Goma Januari 27, 2025, umeme ulikatika, intaneti ikakatika, benki zikafungwa. Watu walifuta picha na ujumbe kwenye simu zao wakijua simu itashikwa na kupekuliwa. Mimi nilikuwa chini ya meza na familia yangu, na katikati ya milio ile nilikumbuka jedwali. Jina la baba, jina la mama, wanatoka wapi, wanakaa avenyu gani, wapigiwe namba gani. Katika Kivu, mahali anapotoka mtu peke yake pametosha kumuua, miaka yote, kwa mikono ya makundi yasiyo moja. Nililipanga jedwali lile vizuri, likatafutika kwa herufi.

Kwa hofu ya umeme nilikuwa naweka nakala kwenye flashi tatu. Moja ilikuwa nyumbani. Niliivunja kwa nyundo baada ya kuhamishia mahali pengine kile ambacho watoto watakihitaji, yaani jina, siku na wazazi. Moja alikuwa nayo kijana wa zamu, ambaye alivuka ziwa akaenda Bukavu, na ameniapia aliitupa majini. Ya tatu ilikuwa kwenye droo ya ofisi. Nilipofika tena pale, droo ilikuwa wazi na vitu vingi vimechukuliwa, viti, betri, printa, hata pazia. Nina hakika aliyechukua alitaka flashi ya kuwekea muziki. Nina hakika hiyo siku nyingi, si zote. Haikuwa imefungwa kwa nenosiri. Nenosiri lilikuwa kwenye orodha ya mambo ya awamu ya pili.

Miezi ilipopita na mtandao ukatulia, niliamua kuwapigia wazazi niwaambie, angalau wajue. Nilikuwa na orodha ya zamani ya ujumbe wa Ijumaa, iliyobaki kwenye simu yangu. Nilianza juu, nikapiga moja baada ya nyingine. Wengi waliopokea hawakuwa na mtoto wa jina hilo.